Sekunde Kumi na Nne

Jumatano, 3 Juni

Leo nimetambulika! Miaka yote hii mke wangu ananiambia naongea na santuri kama mwendawazimu — haya, leo wamekuja watu kumtafuta huyo mwendawazimu.

Jamaa wa ile kampuni inayotoa upya miziki ya zamani amefika dukani mwenyewe. Wanataka albamu ya Chiriku. Ya shemeji yangu! Kanda mama haipo, studio waliifuta zamani wakarekodia matangazo. Kwa hiyo watanakili kutoka kwenye santuri. Ipi sasa? Kuna iliyochapwa hapa na kuna iliyochapwa nje. Wameulizia, wakaambiwa mwenye masikio ni fundi wa duka la santuri nyuma ya kituo cha mafuta. Nizisikilize zote mbili, nichague, niandike ukurasa mmoja wa maelezo. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo.

Kuniuliza mimi ya nje au ya hapa ni kumuuliza paka habari za maziwa. Ya nje! Nimelihubiri hilo mpaka wateja wakiingia wanasema, "Hodi, Bwana Ya Nje." Hapa kiwandani walikuwa wanayeyusha santuri mbovu na kuzichapa upya, karatasi ya katikati humohumo. Ukiiinua kwenye mwanga unaviona vipande. Inakwaruza utadhani mtu anakaanga kitu chumba cha pili. Ya nje nzito, nyeusi tii, kimya. Na sauti ya Chiriku humo nyepesi, inang'aa, ina uhai. Kwenye ya hapa anaimba kama mtu aliyetoka kula.

Chiriku sijamwambia bado. Tangu walipompangia upasuaji wa Jumatatu ya tarehe kumi na tano analala sana. Wataondoa kisanduku chote cha sauti, kina uvimbe. Huu mnong'ono alionao, ndio huo tu umebaki, na ukishatoka hautarudi. Mke wangu hataki tulitaje. Kaka yake ni huyo mmoja. Anafuta vumbi pale alipofuta asubuhi.

Angalau nina habari njema ya kumpelekea.


Alhamisi, 4 Juni

Nimempelekea. Amelia, na mimi nimelia, binti yake ametukuta tunalia akadhani kuna msiba.

"Watoe ile ya nje," ameninong'oneza. Anapumzika kila maneno matatu. "Wajukuu wasikie ile. Ile ndiyo sauti yangu yenyewe."

Akasema jambo ambalo hajawahi kuniambia. Kwamba siku ile studio aliimba kama siku nyingine tu, hakuhisi chochote. Santuri ya nje ilipofika akaisikia, akashangaa. Akajiuliza sauti hii aliitoa wapi. Aliitafuta miaka mitatu jukwaani, kila onyesho, hakuipata tena, mpaka koo likaota vinundu na wakampasua mara ya kwanza. Akiwa na umri wa miaka thelathini na moja! Hakuimba tena. Alienda kuuza vioo vya madirisha.

"Hicho kisanduku wakichukue," akasema. "Kilishakufa. Ile imebaki."

Nikampigia jamaa wa kampuni palepale, Chiriku anasikia: ni ya nje, tumemaliza. Jamaa akafurahi, ila akaniomba nizilinganishe kweli, mzee wangu, wenzake watauliza. Nizilinganishe! Haya. Nitamlinganishia.


Jumamosi, 6 Juni

Mashine moja ina kasoro. Lazima.

Ninavyofanya kulinganisha ni hivi: mashine mbili, swichi moja. Sindano zinashushwa pamoja, kisha unaruka huku na huku katikati ya wimbo uleule. Mteja mbishi nikimfanyia hivyo anatoka ameokoka. Ila kwa albamu hii sikuwahi. Nani alikuwa na haja? Aliyepata ya nje aliitupa ya hapa. Ya kwangu ya hapa nimeitoa mlangoni, nilikuwa nimeiweka chini ya mlango usijifunge.

Nimeshusha sindano. Ubeti wa kwanza haujaisha, ya nje imetangulia. Kufika kiitikio cha pili imetangulia mstari mzima! Nikabadilisha, ya nje mashine hii, ya hapa mashine ile. Yaleyale. Nikabandika kikaratasi pembeni ya sahani nikahesabu mizunguko kwa saa ya mkononi. Thelathini na tatu na kitu kwa dakika, mashine zote mbili, hazina neno.

Wimbo wa kwanza upande wa pili. Ya hapa: dakika nne na sekunde kumi na tano. Ya nje: dakika nne na sekunde moja. Maneno yote yamo. Hakuna kilichokatwa.

Nyimbo zote nane ziko hivyo. Sipendi.


Jumapili, 7 Juni

Nimechukua gita la ukutani, nimelipima kwa uma wa sauti, kile chuma kinacholia noti moja tu, ili nisijidanganye. Ya hapa inakaa sawasawa na gita. Ya nje imepanda nusu sauti. Kamili! Kila noti.

Kwa hiyo ya nje inakwenda mbio. Ule uhai wote, ule ung'avu, ile sauti nyepesi ya Chiriku — ni mbio tu. Ukimharakisha mtu yeyote kidogo anasikika kijana.

Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuchungulia. Wenzetu wa nje wamekosea! Wale wenye mashine za kisasa na makoti meupe! Na mimi miaka thelathini na zaidi nawapigia debe. Mtu mzima ovyo. Tena plastiki yao ni bora kweli, ukimya wao ni bora kweli, hilo siliondoi. Wametuchapia uongo kwa ubora wa hali ya juu.

Nimeanza kuandika maelezo kwa kampuni. Nimekiponda kile kiwanda cha nje vibaya sana, sentensi nyingine hazifai kusomwa na watoto. Mwisho nikaandika kwamba dawa ni rahisi: watumie hiyohiyo ya nje ila waipunguze mwendo, asilimia sita kasoro kidogo. Ukimya wa nje, sauti ya kweli. Dakika moja kwenye kompyuta.

Kesho nimpitie Solo, mpiga gita wao, anithibitishie kwamba walirekodi nyuzi zikiwa kawaida. Halafu natuma.


Jumatatu, 8 Juni

Laiti nisingekwenda.

Solo alipiga gita la kwanza kwenye ile bendi. Siku hizi ni fundi cherehani, ana chumba kimoja kimejaa sare za shule. Nimemkuta na pini mdomoni. Nikamuuliza, studio mlirekodi nyuzi kawaida? Akasema kawaida, kwani vipi?

Nikamweleza. Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Hakucheka hata kidogo.

"Fundi," akasema, "unajua sisi tulifanya nini?"

Sikujua. Naapa sikujua, au nilijua nikasahau, sijui lipi baya zaidi. Santuri ya nje ilipofika watu wakaipenda, wakija dansini wanasema bendi imelegea, mbona kwenye santuri mko juu? Mwimbaji amechoka, mwimbaji analewa. Meneja akaja juu. Basi bendi wakakaza nyuzi wafuate santuri. Magitaa yote, nusu sauti juu! Nyuzi zikawa zinakatika. Nyuzi unanunua nyingine. Koo la Chiriku lilikaa hapohapo lilipowekwa na Mungu, na ikambidi apande nalo. Siku tano kwa wiki, saa nne kila onyesho, miaka mitatu.

"Hatukujiuliza," akasema Solo. "Ya nje ikosee? Tulijua tuliokosea ni sisi."

Nikasema huyo meneja wenu alikuwa punda. Solo akausukuma mkasi pembeni.

"Si wewe ndiye uliyetuletea ile santuri mazoezini? Ukaiweka, ukasema: hiki ndicho kipimo, jamani, jipimeni hapa."

Nimesema hivyo. Nimekumbuka mpaka shati nililovaa.


Jumanne, 9 Juni

Usingizi hakuna. Kuna kitu kinanikereketa. Kiwanda cha nje kilipokea kanda, hakikurekodi chochote. Kanda ilitoka hapa. Kanda ya nakala. Na nakala mle studio zilikuwa kazi ya kijana mmoja tu, fundi msaidizi, ana shati la maua na mchumba mzuri.

Mimi.

Nimeshusha sanduku la bati juu ya kabati. Madaftari yangu ya zamu yamo yote, situpi kitu, mke wangu ananilaumu kwa hilo. Nimepata mwaka, nimepata mwezi. Mwandiko wangu, safi kuliko wa sasa:

Jumatatu. Tangazo la sabuni. Sauti ya mama isikike ya msichana. Kasi ya kurekodi chini, alama sita.

Jumanne. Nakala ya albamu, ya kupeleka nje. Mashine ileile. Nimefunga saa kumi na nusu.

Baina ya mistari hiyo miwili panatakiwa mstari mwingine. Kasi imerudishwa sifuri, mlio wa kupimia umepigwa. Tuliandika kila siku, ilikuwa sheria ya fundi mkuu, ukisahau anakutoa nje kwa sikio. Haupo. Nimefungua ukurasa kwenye mwanga, nimetazama kama umefutika. Haukufutika, sikuuandika, kwa sababu sikufanya! Ukirekodi pole pole, mwenye kupiga kwa mwendo wa kawaida anasikia mbio. Yule mama wa sabuni akawa msichana. Na Chiriku naye akawa vile alivyokuwa.

Kitufe kidogo tu. Unakizungusha kwa vidole viwili.

Saa kumi na nusu. Najua kwa nini nilifunga saa kumi na nusu badala ya kumi na mbili. Nilikuwa na miadi na dada yake.


Jumatano, 10 Juni

Sikufungua duka. Nimemwambia mke wangu ni mafua. Ameniletea supu na nikashindwa kumtazama.


Alhamisi, 11 Juni

Nimemsindikiza Chiriku kwa daktari, binti yake alikuwa kazini. Daktari kijana, mpole, anachora koo kwenye karatasi. Nilimsubiri Chiriku aende kupimwa damu nikauliza haraka haraka: uvimbe huu unatokana na vile vinundu vya zamani? Mtu akilazimisha sauti akiwa kijana, inaweza kumletea haya uzeeni? Akasema hapana, mzee. Vile vya zamani ndiyo, ni vya kulazimisha sauti. Huu ni kitu kingine kabisa.

Angekuwa amenipunguzia mzigo. Lakini nimesikia ile "ndiyo" tu. Vya zamani ndiyo.

Njiani Chiriku ana furaha. Ana furaha huyu! Ananong'ona kwamba kampuni wamempigia binti yake, wanataka picha ya zamani ya kuweka kwenye jalada, na kwamba wamechagua ya nje. Amechagua ile aliyovaa koti jeupe. Akaniuliza maelezo yangu nimeandika nini kuhusu sauti yake.

Nikasema bado naandika.

"Andika kwamba hata mimi sikuwahi kuifikia," akasema, akanipiga bega. "Itawachekesha."

Nilitaka gari lipinduke. Nakiandika hivi kilivyo kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilitaka lipinduke kwa upande wangu tu.


Ijumaa, 12 Juni

Siku ya mwisho ya kampuni. Jamaa amepiga asubuhi, mchana, na saa tisa. Saa tisa nikapokea. Nikamwomba mpaka Jumatatu. Akakubali, ila Jumatatu saa sita mchana mitambo inaanza kazi, na akanikumbusha kwamba nilishasema ni ya nje. Mdomo huu! Mdomo ulimponza mwenyewe, wangu umeponza na wa mwenzangu.

Nimekaa na kalamu. Nimetazama njia zote.

Nikiandika ya nje kama ilivyo, uongo unachapwa upya, unasambaa, wajukuu wanausikia, na Chiriku anakufa akiamini alipoteza sauti ambayo hakuwa nayo. Nikiandika wapunguze mwendo, kampuni watauliza kwa nini, na wakiitoa ataisikia. Masikio yake hayajaguswa. Atajua siku ya kwanza, na wakati huo hatakuwa na hata mnong'ono wa kunitukana. Mtu nimemchukulia sauti mara moja. Nimsubiri mpaka anyang'anywe na ya pili ndipo nimwambie? Ni sawa na kumfunga mtu mikono ndipo umkirie kwamba umemwibia.

Na nikimwambia sasa, ataingia chumba cha upasuaji na hilo kifuani.

Mke wangu nimemwambia. Jikoni, anachambua mchele. Nilidhani nitalizungusha, nikalimwaga lote: kitufe, daftari, saa kumi na nusu. Mkono wake ukasimama kwenye ungo.

Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Aliuliza jambo moja kwanza: siku ile tulikwenda wapi? Nikamwambia tulitembea tu mpaka darajani, tukarudi. Akatikisa kichwa. Anasema haikumbuki. Siku iliyomgharimu kaka yake maisha yote, na yeye haikumbuki hata kwa kubahatisha!

Halafu akasema, "Usimwambie."

Nikasema ana haki ya kujua.

"Unataka kumwambia ili yeye apone au ili wewe upone?"

Akarudi kwenye mchele wake, na baadaye nikaona alikuwa anauchambua ambao ameshauchambua.


Jumamosi, 13 Juni

Hatuongei. Siyo ugomvi. Kila mmoja akifungua mdomo anakuta ni jambo lilelile limekaa humo.

Jioni akasema, bila kunitazama, kwamba walipokuwa na Chiriku nyumbani kwao miaka ile, baada ya upasuaji wa kwanza, mama yao alimwuliza mwanawe, ulikuwa unalewa kweli? Mama yao alikuwa amesikia maneno ya watu. Chiriku hakunywa pombe maisha yake. Mama alikufa hajamwamini.

Nikamuuliza, unaniambia hivi ili nimwambie au nisimwambie?

"Sijui," akasema. "Nakuambia tu."


Jumapili, 14 Juni

Naandika nikiwa jikoni kwa Chiriku. Nimesingizia kuja kumchemshia maji ya chumvi ya kusukutua. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa koti.

Niyapange.

Nimefika saa nane. Alikuwa ameomba nije na mashine na santuri, zote mbili, anataka kusikiliza leo mara ya mwisho akiwa bado anaweza kuniambia "ongeza sauti". Utani wake huo. Nimeleta mashine ile mpya, yenye kile kitufe cha kuteleza pembeni cha kupandisha na kushusha mwendo. Nilijiambia nimeichukua kwa sababu ni nyepesi kubeba. Muongo mkubwa.

Binti yake alikuwa anafungasha begi la hospitali: kanga, ndala, mswaki. Daftari jipya na kalamu mbili. Hizo ni za kuongelea kuanzia kesho.

Njia nzima nilikuwa nimeamua. Nitamwambia kabla sindano haijashuka. Nikaketi, nikasema, "Shemeji, ile santuri ya nje..."

Akaninyamazisha kwa mkono. "Weka kwanza."

Nikaweka. Ya nje, upande wa pili, wimbo wa kwanza. Akafumba macho. Ikaimba ile sauti nyepesi, ya juu, ya mtoto wa watu ambaye hajawahi kuwepo. Chiriku akawa anapanda nayo kwa midomo tu, na shingo ikamkaza, mishipa ikamtoka. Miaka yote hii imepita, na hata kwa midomo mitupu bado anaitafuta! Nikaona kwa macho yangu jambo alilokuwa analifanya siku tano kwa wiki. Akakohoa. Akakohoa mpaka binti akaja mbio na maji.

Alipotulia akaninong'onezea, "Nilikosea wapi, Fundi? Wewe ulikuwepo. Niambie. Nilikula nini, nililala vibaya, nilimkosea nani?"

Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Mimi mwenye kisanduku kizima!

Basi mkono ndio ukaenda. Sikuutuma. Nikairudisha sindano mwanzo wa wimbo, na kwa vidole viwili nikakishusha kile kitufe. Alama sita, kasoro kidogo.

Ikaanza gita la Solo, lina nafasi, halikimbii. Kisha yeye. Sauti ya mtu mzima, pana, imekaa kwenye kiti chake. Nami nimeidharau sauti hii miaka yote, nikaiweka chini ya mlango! Ni nzuri. Ee Mungu, ni nzuri kuliko ile. Bila mikwaruzo hata mimi naisikia sasa.

Chiriku akafumbua macho. Midomo ikaanza kufuata, na shingo haikukaza. Ubeti wote, kiitikio chote, shingo imelala tu. Akafika ile noti ndefu ya mwisho, na kutoka kwenye koo lile bovu ukatoka mlio. Siyo mnong'ono. Mlio, mdogo, mchafu, na ulikuwa palepale ulipotakiwa kuwa. Binti akaangusha ndala.

Akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma bango la mbali.

"Umefanya nini hapo?"

Nikasema maji. Nikuletee maji ya chumvi. Nikakimbilia huku. Mzee wa miaka sitini na mbili nimekimbilia jikoni kama mtoto aliyevunja sahani.

Sasa namsikia. Ameinuka mwenyewe kitandani, nimesikia ndala zake. Yuko kwenye mashine. Amerudisha wimbo. Ameupandisha, unakwenda mbio. Sasa ameushusha. Juu tena. Chini. Anafanya pole pole, hana haraka, kama mtu anayejaribu ufunguo.

Chini. Ameuacha chini.

Wimbo umeisha, sindano inazunguka patupu. Hakuna anayeiinua.

Binti ameingia jikoni. Macho mekundu. Anasema baba anauliza, ile kanda ya kupeleka nje, nani aliinakili?

Nimemwambia nakuja, nasubiri maji yachemke. Ameitazama sufuria. Yanachemka tangu muda, kifuniko kinaruka.